Ng'ombe Aliyekula Kichujio Changu

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Kuanzia leo daftari hili si la Jiografia tena. Nina mambo.

Jioni Bwana Afya Bernado kaja bustanini na kofia yake na kalamu mbili mfukoni. Kamwambia shangazi Marcelina kuwa mchicha wake unanyweshwa maji ya mfereji wa kiwanda cha ngozi, maji hayo yana kromu, na kromu ni sumu. Ijumaa ya tarehe 13 atakuja na vijana wa kung'oa. Shangazi kamwuliza, mwaka wa saba huu tunakula mchicha huohuo, mbona hatujawa bluu? Bwana Afya kasema sumu haina haraka.

Mimi nilikuwa nyuma ya pipa. Nikiona mtu mwenye kalamu mbili nakuwaga nyuma ya kitu.

Niandike wazi, maana hapa hakuna anayenitazama. Bustani ikienda, na mimi nimeenda. Mchicha ndio unaonilisha hapa Mukendo, Musoma mjini, ndio unaoninunulia sabuni na kalamu. Ukiisha, narudi Mwitongo kwa baba kuchunga, na Kidato cha Tatu changu kinaishia Agosti. Baba alishasema: shule ya Musoma ni mpaka dada yake achoke.

Siku kumi na moja! Lazima nifikirie kitu.

Jumatano, 4 Agosti

Nimepata! Maktaba ya parokia, rafu ya chini kabisa. Kijitabu cha Kiingereza kilichofubaa, kinaeleza kusafisha maji ya viwandani kwa taka za viwanda vingine. Yaani taka inakamata taka! Unga wa mbao, majivu, maganda ya mbegu za pamba. Maji yenye sumu yanapita katikati, metali inanasa kwenye maganda, maji yanatoka safi. Na metali yenyewe unaweza kuirudisha ukaitumia tena. Nimesoma mara nne.

Kiingereza cha kusoma ninacho. Cha kusema ndicho sina. Mwalimu akiniuliza, jibu linakuja lote, zuri, na vitenzi vyake. Likifika mdomoni linakuwa mate.

Kurasa tatu za mwisho zimeliwa na panya. Si kitu. Mwisho wa vitabu hivi huwa ni shukrani tu.

Mwalimu Felisian wa Kemia sikumwuliza, nilimwandikia kikaratasi. Kajibu kwa kikaratasi. Wazo zuri. Nitumie makapi ya pamba kutoka Bunda, na niyaloweke kwanza kwenye maji ya magadi ili yashike kromu vizuri. Nikifaulu atamwambia Bwana Afya yeye mwenyewe.

Alfonce kakisoma kikaratasi akichungulia nyuma ya bega langu! Alfonce ni mwenyekiti wa klabu ya sayansi. Pia ni jirani yetu, mtoto wa Mzee Kasmiri, na Kiingereza kinamtoka kama redio. Mradi wake ni jiko la jua. Tangu Mei limeivisha yai moja. Kasimama mbele ya darasa akaniita Profesa Mchicha. Watu wamecheka mpaka kengele ikalia.

Nitamwonyesha. Tena kromu nikiikusanya ya kutosha, nitaipaka kwenye rimu za baiskeli ya shangazi zing'ae, Alfonce ajione humo kila nikipita.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimefika Bunda na kurudi. Shangazi anajua nilikuwa semina ya sayansi. Si uongo sana. Nilikuwepo mimi, na sayansi ilikuwepo.

Mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba kaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema sina. Kashangaa. Sasa binti, makapi ya nini? Kiangazi hiki watu wanayagombania kwa ajili ya mifugo yao! Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba ni ya maji. Kaita wenzake wawili. Njooni mwone binti anayelisha maji! Wamecheka wakakaa chini. Mwisho wamenipa gunia zima bure, eti kwa kuwafurahisha. Mimi kuomba siwezi, lakini aibu yangu inaombaga yenyewe.

Shangazi kauliza ni semina gani hii inayogawa magunia. Nikasema ya vitendo.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya misa nimefanya kazi kama mtu mwenye akili. Magadi yote ya jikoni nimeyachukua. (Shangazi anayatafuta mpaka sasa, kaweka makande jikoni.) Nimeloweka makapi, nimeyaanika kwenye bati, nimeyarudia. Nimeyaonja kwa ncha ya ulimi, kwa ajili ya sayansi. Yana chumvichumvi. Si mabaya.

Ndoo yenye matundu chini. Makapi ndani. Maji ya mfereji juu, yaleyale ya bluu inayoelekea kijani.

Yakatoka meupe. Meupe! Kama ya bomba siku bomba likitoa! Nimerudia ndoo ya pili, ya tatu, ya sita. Meupe. Makapi yakaanza kuwa ya bluu, na mimi nikapiga kelele. Ni kelele yangu ya kwanza tangu Kipaimara.

Shangazi kaja mbio akidhani nyoka. Nikamwonyesha glasi. Kaitazama, kanitazama, kasema vizuri mwanangu, magadi yangu umeyaona?

Jambo lingine dogo. Misani wametangaza sikukuu ya parokia Jumapili ijayo, Kupalizwa Mbinguni. Mzee Kasmiri katoa dume lake la ng'ombe lichinjwe. Dume lenyewe linaitwa Ruksa. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuna uzio anaouheshimu, anaingia popote na anakula chochote. Siku hizi anafungwa mtini, upande wa pili wa bustani yetu, anenepe. Anatutazama sana.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimepeleka shule chupa mbili, ya maji kabla na ya maji baada. Mwalimu Felisian kazinyanyua darasani juu kabisa. Kaniambia nieleze. Nikasimama. Nikakaa. Kaeleza yeye.

Lakini kasema Ijumaa atakuwepo bustanini na Bwana Afya. Bustani imepona! Saa ya kutoka Alfonce kaniuliza ndoo yangu naiwekaga wapi usiku. Nikajibu, kwa furaha tu. Nimemjibu Alfonce! Ninabadilika.

Mpaka jioni nimepitisha ndoo ishirini na mbili. Sumu yote imo ndani ya makapi, imetulia.

Jumanne, 10 Agosti

Kichujio hakipo.

Ndoo ipo. Imelambwa hata inateleza. Makapi hayapo, hata ganda moja. Na Ruksa kasimama katikati ya mchicha, kamba ndefu nyuma yake, mdomo wa bluu kama mtoto aliyekunywa wino. Kanitazama kwa shukrani.

Mimi ni mtoto wa Mwitongo! Nimekua nyuma ya ng'ombe! Nilikuwaga nawapelekea magadi ng'ombe wa baba, nawaona wanavyosukumana kuyalamba. Na makapi ya pamba kila mtu anajua ndiyo pilau yao ya kiangazi. Nimechukua wanachokila na wanachokilamba, nimechanganya, nimeanika, nimeweka ndooni chini. Halafu nauliza nani kala.

Alfonce kaja kumchukua. Kasema kamba imerefushwa ili dume apate majani ya sikukuu. Halafu kacheka. Vipi Profesa, mradi umeliwa? Hajui. Anadhani Ruksa kala makapi tu.

Nimejifungia chooni nikafikiri. Kromu ya ndoo ishirini na mbili imo tumboni mwa Ruksa. Jumapili Ruksa ataliwa na parokia nzima. Padri, masista, kwaya, watoto wa Komunyo ya Kwanza. Shangazi, ambaye ni sauti ya pili na hupewaga nyama ya kifua.

Nikisema, Bwana Afya atasikia kuwa maji ya mfereji wetu yameharibu ng'ombe wa sikukuu. Bustani inang'olewa, narudi Mwitongo. Nisiposema, parokia!

Jioni sikula. Chakula kilikuwa mchicha.

Jumatano, 11 Agosti

Asubuhi nimekagua kinyesi cha Ruksa. Kina rangi ya kinyesi. Hii ni mbaya, maana yake sumu bado imo ndani. Saa saba nimekagua tena, kuna kijani. Lakini ng'ombe anakula majani. Sijui nisome nini hapa. Mzee Kasmiri kanikuta nimeinama na kijiti. Kauliza kulikoni binti. Nikasema somo la Baiolojia. Kasema elimu ya siku hizi ina mambo.

Ruksa anaonekana mzima. Mzima mno. Anang'aa! Inanitia wasiwasi zaidi.

Mpango wa kwanza. Nimemwandikia Padri barua bila jina, kwa Kiingereza, ili asijue ni mimi. Nani atanishuku kwa Kiingereza? Nimeeleza kwamba dume la sikukuu limemeza metali mojawapo ya jedwali la elementi na lisiliwe. Nimeitia kwenye sanduku la sadaka ya Mtakatifu Antoni na kukimbia.

Jumapili iko mbali siku nne. Usingizi sina.

Alhamisi, 12 Agosti

Siku ya kufutwa kwenye kalenda.

Alfajiri nimejaribu mpango wa pili. Nimemfungua Ruksa na kumsukuma kuelekea barabara ya Bweri, apotee kwa heshima. Katembea hatua kumi, kageuka, kanifuata. Nikakimbia, kakimbia. Mikono yangu bado inanuka magadi na makapi, tangu Jumanne ananipenda. Kanifuata mpaka geti la shule. Kasimama paredi, mstari wa Kidato cha Tatu, nyuma yangu. Mwalimu wa zamu kamhesabu.

Halafu kipindi cha pili kaingia Mwalimu Felisian na karatasi mkononi. Barua yangu! Padri hakuielewa, kampa atafsiri. Mwalimu kaipenda kama zoezi. Kasema hajui nani kaiandika, ni mzaha wa mtu, lakini ina makosa kumi na manne, tuyatafute pamoja. Kaiandika ubaoni yote. Darasa limecheka sana pale niliposema dume limemeza jedwali la elementi. Alfonce kapata makosa kumi na moja. Mimi nimepata yote kumi na manne, lakini sikunyoosha mkono.

Kwa hiyo Padri ataamini ni mzaha. Ruksa anachinjwa Jumamosi saa kumi. Kesho Bwana Afya.

Ijumaa, 13 Agosti

Nilikuwa nimebakiza nusu gunia. Usiku nimeloweka, alfajiri nimejaza ndoo, safari hii juu ya mti.

Bwana Afya Bernado kaja na vijana watatu wenye majembe. Mwalimu Felisian kaja na tai. Shangazi kasimama mbele ya mchicha kama golikipa. Nikamwaga maji ya bluu. Yakatoka meupe. Vijana wakashusha majembe! Bwana Afya kavua kofia, kanusa glasi, kainyanyua juani. Kasema hajawahi kuona kitu kama hiki katika kazi yake.

Halafu akauliza. Sasa hiyo sumu inakwenda wapi?

Nikasema inabaki kwenye makapi.

Na makapi yaliyokwishatumika yako wapi?

Nikajua papo hapo panya walikula nini kwenye kile kijitabu. Walikula jibu la swali hili.

Kila mtu ananitazama. Shangazi ananitazama. Nyuma ya uzio Ruksa ananitazama, anacheua. Nikasema: yamehifadhiwa.

Yamehifadhiwa! Mimi! Kwa sauti, mbele ya watu! Bwana Afya karidhika. Kasema bustani isiguswe kwa sasa, Jumatatu atakuja kuyaona makapi hayo na kuyapeleka yanapostahili. Shangazi kanikumbatia mbele ya watu wote. Anasema baba yangu atasikia binti wake ni nani.

Kwa hiyo mchicha umepona na mimi nimepona, mpaka Jumatatu, kama nikinyamaza. Ninajua kunyamaza kuliko kitu chochote duniani. Mbona nimekwenda uziani mara mbili kumwangalia Ruksa?

Jumamosi, 14 Agosti

Mpango wa tatu nilioutegemea ulikuwa huu. Saa nane Padri anaungamisha. Nitaungama kwake kila kitu, yeye atatangaza, mimi sitakuwa nimesema. Safi kabisa.

Nimeungama. Uongo wa semina, magadi, makapi, ndoo, Ruksa, yamehifadhiwa. Padri, kwa mazoea, kauliza, mara ngapi? Nikasema mara moja Padri, lakini kala ndoo nzima.

Nikamwomba atangaze. Kasema anachosikia pale hakitoki nje ya pale, hata kama kinahusu nyama atakayoila yeye mwenyewe. Nikamwambia lakini Padri, utaila! Kapumua. Kasema ndiyo, mwanangu, na maini nayapenda sana. Malipizi yangu ni kwenda kusema mwenyewe kabla ya kisu.

Kwa Mzee Kasmiri watu wamejaa. Wanaume wamekunja mikono ya mashati, wamama wa kwaya wana masufuria, kisu kinanolewa kwenye jiwe. Ruksa kaniona. Kavuta kamba na wale wanaume wawili waliomshika, kaja mpaka kwangu, kaniwekea pua tumboni. Mtu mmoja kasema, mchumba wake kaja kumuaga. Wamecheka wote.

Nikafungua mdomo. Hakuna. Mzee Kasmiri kasema sogea binti, damu isikurukie.

Ndipo likatoka. Lakini kwa Kiingereza! Kiingereza chote cha miaka mitatu ambacho hakijawahi kutoka kilitoka pale, kwa mkupuo, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyeelewa. Wamama wakaanza kujiuliza kama nimepagawa. Nikashindwa kuacha, nikashindwa kugeuza lugha. Mwalimu Felisian alikuwa bado yuko kanisani. Kulikuwa na mtu mmoja tu pale anayejua Kiingereza.

Alfonce akatafsiri. Kasimama kando yangu kama mkalimani wa mkutano wa Injili. Mimi sentensi, yeye sentensi. Anasema Ruksa kala sumu ya kiwandani. Anasema sumu ilikuwa kwenye makapi. Anasema aliogopa kusema kwa sababu ya bustani ya mama Marcelina, na kwa sababu atarudishwa kuchunga. Anasema jana alidanganya. Nilisema pia kwamba huyu anayetafsiri ni mjivuni na jiko lake la jua ni karai tu. Na hilo nalo katafsiri, bila kupunguza.

Halafu nikaishiwa. Yeye akaendelea. Kasema kamba aliirefusha makusudi, alitaka dume lifike kwenye ndoo, ili mradi wangu uharibike kabla ya Ijumaa. Hapo hakuwa anatafsiri tena.

Mzee Kasmiri kaweka kisu chini. Mwalimu Felisian kafika mbio kaulizwa. Kasema kromu ya aina ile nyingi hutoka na kinyesi, dume pengine atakaa salama. Sasa Mwalimu, wamemwuliza, wewe utakula? Kasema yeye hapana. Wanaume wote wakarudi nyuma hatua moja.

Mzee kamtazama mwanawe, kanitazama mimi, kamtazama Ruksa. Kasema alikuwa amempa Mungu ng'ombe, sasa Mungu amepewa nini?

Shangazi alikuwa pale na sufuria lake. Kalibeba kageuka nyumbani.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya parokia. Wali, maharage na dagaa. Wali ulikuwa mzuri.

Kwaya nzima inajua. Mama mmoja wa sauti ya kwanza kanisogezea sahani kwa sauti ya kanisa zima: eti Ursula, maharage haya yamechujwa au tusubiri? Wamecheka, lakini wote wamenipa nafasi ya kukaa. Padri kanipita, kanigonga kichwani kidogo kwa kidole. Kala maharage kama mtu anayetimiza wajibu.

Shangazi kaimba bila kunitazama. Nyumbani hajasema neno tangu jana. Nilidhani ukimya ni mali yangu. Wake ni mkubwa zaidi.

Jumatano, 18 Agosti

Mchicha umeng'olewa Jumatatu. Sikuweza kuandika.

Bwana Afya hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali. Kasema kiwanda atakiandikia barua, na Mzee Kasmiri asimchinje Ruksa mpaka daktari wa mifugo aseme. Kachukua ile nusu gunia ya makapi ya Ijumaa, kaifunga kwenye mfuko na kuiandika jina langu. Kasema maji niliyasafisha kweli, hilo hakatai, lakini sumu sikuiondoa, niliihamisha tu. Kuhamisha nako ni kazi!

Vijana walipomaliza, shangazi kakaa kwenye tuta tupu. Ndipo akasema. Kaniuliza kama nilijua tangu Jumanne. Nikasema ndiyo. Kama nilimwona akiosha sufuria la sikukuu. Ndiyo. Kasema bustani alikuwa tayari kuikosa, bustani ni udongo na maji. Lakini kukaa na mtu nyumba moja, anakuona unajiandaa kula sumu, na anakuambia usiku mwema shangazi!

Nilitaka kusema samahani. Nikalia, nadhani ilieleweka.

Kasema Jumamosi tunakwenda Mwitongo, nikamweleze baba kwa mdomo wangu. Na si kwa Kiingereza.

Basi. Imekwisha. Nimepanga vitabu vyangu kwenye boksi, Kemia juu.

Jumamosi, 21 Agosti

Mwitongo. Naandika chini ya ghala, mikono imechafuka, nitaeleza.

Baba kazima redio nilipoanza. Hiyo peke yake ilitosha kuniua. Nimeeleza yote kwa Kizanaki, na palipokosekana maneno, kwa Kiswahili. Kromu haina jina Kizanaki. Nilipofika kwenye magadi na makapi baba kainamisha kichwa, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Baadaye kaniambia ni vumbi.

Kauliza swali moja tu. Ng'ombe yu hai? Nikasema yu hai, daktari wa mifugo kasema ana afya kuliko wa kwake.

Halafu kamgeukia dada yake. Sasa wewe, umechoka? Shangazi kasema bustani hana, lakini kuna mama wa kwaya mwenye meza ya mitumba sokoni anataka mwenzake, Jumatatu wanaanza. Kasema binti ni mwongo, ni mwoga, na magadi yake hajayalipa. Lakini aliposimama mbele ya kisu na watu wote wale, akasema ukweli, huyo hakuwa wa kurudishwa kuchunga. Hajachoka.

Hajachoka! Nilitoka nje nikakumbatia mti.

Baba kakubali. Jumatatu nipo darasani. Sharti moja: niape mbele yake kwamba sitagusa tena maji ya kiwanda chochote. Nimeapa, mkono juu, kwa Kizanaki na Kiswahili. Angetaka na Kiingereza ningempa, sasa kinatoka. Baba kachinja mbuzi kwa ajili ya dada yake, tumekula, nimefurahi kama sijawahi. Nimejifunza, nimeandika hapa ili nisisahau: sitacheza tena na sumu.

Alasiri nimetumwa maji. Kule bondeni kuna vijana wachimbaji, wamekuja tangu Juni, wanaosha dhahabu kwenye madimbwi. Wanamimina zebaki kwenye karai, wanaikoroga kwa mikono mitupu! Halafu maji yanamwagwa, yanateremka kijitoni. Nimesimama pale na ndoo nikatazama. Zebaki! Kromu ni mtoto mbele ya zebaki! Na kijitabu, ukurasa wa tisa, ambao panya hawakuugusa, unasema mifupa iliyochomwa ikasagwa inanasa metali za kila namna.

Baba kasema maji ya kiwanda. Nimekumbuka maneno yake moja moja. Mgodi hakuutaja.

Mifupa ya mbuzi ilikuwa imelala tu. Nimeichoma nusu, kuni ziliisha. Nimeitwanga, nimeijaza kwenye mfuko wa salfeti, na kesho asubuhi kabla ya safari nitautega pale maji yanapotoka. Jumamosi ijayo nitakuja kuuchukua ukiwa umejaa zebaki, kisha nitaujulisha ulimwengu. Au nitamwandikia Mwalimu kikaratasi.

Nimefikiria kila kitu safari hii. Ng'ombe hali mifupa! Pia nimeutundika juu.

Mbwa wote watatu wa baba wamekuja kukaa chini ya mfuko na wanautazama. Sijui wana shida gani.